Maswali ya Wasomaji: Simu Huria na Barua Pepe ya Ofisini

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Tanga. Simu yangu nimeiwekea LineageOS, mfumo huria unaotokana na Android, kwa kuwa napenda kutumia programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Barua za kazini zinakaa kwenye seva ya Exchange, programu ya Microsoft ya barua na kalenda, na ofisi inaruhusu zifikiwe kwa simu kwa njia moja pekee: itifaki ya ActiveSync, yaani kanuni za mawasiliano kati ya simu na seva hiyo. Meli ikifunga gati usiku, taarifa za mizigo huja kwa barua pepe, na saa za ukaguzi hubadilishwa kwenye kalenda. Nisipoziona mapema, mteja hulipia ucheleweshaji. Kwa nini waandishi wa programu huria hawatuwekei itifaki hii, nami nifanyeje?
Msomaji wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Ndugu yetu wa Chumbageni, ActiveSync ni mali ya Microsoft, lakini si siri tena. Kuanzia mwaka 2008, baada ya mvutano wa miaka mingi na Tume ya Ulaya, kampuni hiyo ilianza kuchapisha maelezo ya itifaki zake, na mradi huria wa Z-Push umethibitisha, kwa upande wa seva, kwamba ActiveSync inaweza kuandikwa na watu wa nje. Kikwazo kikubwa kilikuwa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa. Apple mwaka 2008 na Google mwaka 2009 zilichukua leseni ya kuitumia, jambo ambalo kampuni yenye mawakili na hesabu ya simu inazouza hulimudu, ilhali programu huria hunakiliwa na kugawiwa bila mtu kujua nakala ziko ngapi. Ndiyo maana hata Sailfish OS, mfumo wa simu ambao sehemu yake kubwa ni huria, inaiweka huduma hii katika sehemu iliyofungwa, inayokuja na leseni ya kulipia.

Kazi yenyewe pia ni nzito. Ukichungulia mazungumzo ya IMAP, itifaki ya kusomea barua pepe ambayo kanuni zake ni za wote, utakuta amri zilizoandikwa kwa maneno yanayosomeka. ActiveSync hubana kila kitu kwa mfumo wa WBXML, ambamo jina la kila kipengele hugeuzwa kuwa namba, na bila jedwali la namba hizo hutaambulia kitu. Jedwali likishajulikana, bado mwenye itifaki anaweza kubadili masharti ya kuingia wakati wowote. Kuanzia Oktoba 2022 Microsoft iliondoa kwenye Exchange Online, yaani Exchange inayoendeshwa na Microsoft yenyewe mtandaoni, uingiaji wa jina na neno la siri peke yake, kwa ActiveSync na hata kwa IMAP, na programu zisizojua OAuth 2.0, njia ya kuingia kwa kibali cha muda badala ya neno la siri, zikabaki nje. Kwa maoni yangu, si haki kuwatwika watu wanaojitolea kazi ya kukimbizana na mabadiliko hayo ndani ya kila simu.

Kwa hiyo anza na ofisi yako. Exchange ina IMAP ndani yake, na mara nyingi imezimwa tu. Mwombe mkuu wa TEHAMA aiwashe kwa akaunti yako, kisha tumia Thunderbird ya Android, ambayo inapatikana F-Droid, duka la programu huria, na inaielewa OAuth 2.0. Barua utakuwa umezipata, lakini si kalenda, kwa maana Exchange haitoi CalDAV, itifaki ya wote ya kalenda. Hapo ndipo DavMail inapohitajika: ni programu huria inayowekwa kwenye kompyuta ya ofisini na kufanya kazi ya mkalimani, ikizungumza na Exchange kwa huduma yake ya EWS na kuipa simu yako IMAP na CalDAV za kawaida; CalDAV hupokewa na DAVx5, programu huria ya Android, ambayo huijaza kalenda ya simu. Iwekwe kwa idhini ya ofisi na ifikiwe kwa njia iliyosimbwa tu. Ulizeni kwanza seva yenu iko wapi, kwa sababu Microsoft ilitangaza mwaka 2023 kwamba EWS itaanza kuzimwa kwenye Exchange Online mwezi Oktoba 2026. Tangazo hilo halikuzigusa seva ambazo ofisi inaziendesha yenyewe.

SWALI: Fundi mmoja ameniambia anaweza kuirekebisha programu ya barua pepe iikubalie seva ya kazini masharti yote bila kuyatekeleza. Je, kuna ubaya?
Msomaji wa Pongwe, Tanga

JIBU: Fundi wako hakudanganyi kuhusu uwezo wake. Kabla ya kuachia barua, seva ya ActiveSync huipelekea simu masharti, kwa mfano urefu wa neno la siri, na simu hujibu kwa tarakimu: 1 ikiwa imeyatekeleza yote, 2 ikiwa ni sehemu tu, 3 ikiwa haikuyatekeleza. Seva yenyewe haina namna ya kuhakikisha. Inaliamini neno la simu. Naomba sana usikubali. Simu ikiibwa daladalani na haina hata namba ya kuifungua, nyaraka za wateja zitakuwa mikononi mwa mwizi, na mwajiri wako atakuwa anaamini kwamba ziko salama kwa sababu simu yako ilimwambia hivyo.

Hata hivyo ninaelewa kinachokusukuma. Masharti hayo huambatana na uwezo wa ofisi kuifuta simu nzima kutoka mbali, picha za watoto na namba za ndugu zikiwamo, na mtu aliyenunua simu kwa fedha zake ana haki ya kulikataa hilo waziwazi. Toleo la 16.1 la ActiveSync liliongeza amri ya kufuta akaunti ya kazi pekee. Mwandikie mwajiri barua, umwombe athibitishe kwa maandishi kwamba seva na programu mnazotumia zinaijua amri hiyo na kwamba hiyo ndiyo itakayotumika kwa simu binafsi. Akikataa, omba simu ya ofisi kwa ajili ya barua za ofisi.