Kikinga upepo cha baiskeli kwenye barabara ya Moyale

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi wa Agosti mimi na mwenzangu tunakusudia kupanda basi hadi Moyale pamoja na baiskeli zetu, kisha kurudi Isiolo kwa kupiga pedali, mwendo wa takriban kilomita 500, tukiwa tumebeba hema, maji na chakula. Nimeona kioo cha plastiki kinachofungwa kwenye usukani, mfano wa kile cha pikipiki, na muuzaji anadai kwamba kinapunguza sana kazi ya miguu. Je, nikinunue?
Msomaji, Meru

JIBU: Ndugu msomaji, muuzaji hakukudanganya, ila hakukuuliza upepo wa huko unatoka upande gani.

Ukiendesha kwa kilomita 20 kwa saa hewa ikiwa imetulia, kifua chako kinapambana na hewa ya mwendo huohuo; ukikutana na upepo wa 20 uso kwa uso, unapambana na 40, na kwa kuwa ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo, nguvu inayokurudisha nyuma huwa mara 4, wala si mara 2. Kwa hiyo kukinga upepo ni wazo la maana, na ni la zamani: Mfaransa Marcel Berthet aliendesha baiskeli iliyovikwa gamba la umbo la samaki mwaka 1913, na mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mchezo huo, UCI, kikapiga marufuku vifaa vya aina hiyo mashindanoni. Msafiri hafungwi na marufuku hayo.

Tuchukulie, kwa ukarimu, kwamba kioo chako kitapunguza ukinzani kwa asilimia 15. Kwa hesabu yangu, mwendeshaji mwenye mzigo anayetoa wati 150 dhidi ya upepo wa kilomita 20 kwa saa unaomjia usoni atatoka kwenye kilomita 14.5 hadi karibu 15.7 kwa saa, yaani katika siku ya kilomita 90 atafika takriban nusu saa mapema. Si haba.

Tatizo ni kwamba upepo wenu hautakuwa wa usoni. Pepo za ukanda ule, zilezile zinazozungusha mitambo ya umeme karibu na Ziwa Turkana, huvuma kutoka kusini-mashariki. Kutoka Moyale hadi Turbi mtaelekea magharibi, nao utawasukuma kutoka nyuma kushotoni. Siku hiyo kioo kitakuwa mzigo mtupu. Kuanzia Turbi barabara inageuka kusini, mnaingia uwanda wa Dida Galgalu usio na mti wa kujikinga, na upepo unawapiga ubavuni, upande wa kushoto, ukielemea mbele kidogo tu. Mabaharia wa pwani hutofautisha pepo za omo, zinazokabili chombo, na upepo wa matanga kati, unaokipiga ubavuni. Kioo ni dawa ya ule wa kwanza, nanyi mtakuwa na ule wa pili hadi Marsabit, na kwa sehemu kubwa hadi Isiolo.

Upepo wa ubavuni ukipiga kioo kilichofungwa kwenye usukani, hausukumi baiskeli tu bali unageuza usukani wenyewe, na kwa kuwa sisi tunapita kushoto, utawageuzia katikati ya barabara, kwenye magari. Lori linalokuja huvuruga upepo kwa nukta chache, mkono uliokuwa umeshikilia kwa nguvu unapoteza kitu cha kushindana nacho, kisha pigo linarudi ghafla. Yeyote aliyewahi kupanda bodaboda yenye mwavuli siku ya upepo anajua ninachosema. Isitoshe, kwenye nyanda za chini kuelekea Laisamis joto ni kali, na hewa inayopita kifuani ndiyo inayokausha jasho na kukupoza. Mtu anayepanda mlima kwa kilomita 10 kwa saa nyuma ya plastiki anajipika.

Kwa hiyo, kwa safari hii, usikinunue. Kama ungekuwa unafuata barabara inayokabili upepo moja kwa moja, kama Nairobi hadi Mombasa wakati wa kusi, jibu langu lingekuwa jingine.

Fedha hizo zitumie kwenye usukani uliopinda chini, wa baiskeli za mashindano, kama huna. Kuinama na kukunja viwiko hupunguza eneo linalopigwa na upepo bila kuongeza tanga mbele ya gurudumu. Hema lifunge juu ya keria, nyuma ya mgongo wako, wala si kuning’inia pembeni. Mizigo mizito iwe chini. Vaeni mashati yanayobana, kwani koti linalopepea ni breki. Kupokezana kukaa mbele kutawasaidia kidogo tu, maana katika upepo wa ubavuni kivuli cha mwenzako huangukia upande wake wa kulia, na kumfuata huko ni kuingia katikati ya lami.

Jambo la mwisho ni saa ya kuondoka. Wengi watakushauri kutoka alfajiri ili kuukwepa upepo, lakini katika ukanda ule upepo huwa na nguvu usiku na asubuhi. Ondokeni alfajiri kwa sababu ya jua, na mjiandae kuupokea upepo tangu kilomita ya kwanza.