Kutunza programu huria: kuandika ni wikiendi mbili, shughuli inakuja baadaye

Mkuu, umeuliza utegemee nini sasa kwa kuwa programu yako huria, ile ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiendesha) uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuuboresha, imeanza kupata watumiaji. Nami nina yangu, kamaktaba kadogo tu, yaani kipande cha msimbo ambacho programu nyingine hukichomeka ndani yake, mwaka wa sita sasa. Unaipa tarakimu, inakurudishia maneno ya Kiswahili, na watu wameiweka kwenye risiti na hundi. Kuiandika kulinichukua wikiendi mbili. Kuitunza ndiko kunakonizeesha.

Chukua 12,000. Niliandika "elfu kumi na mbili", kama tunavyosema sokoni. Mtu akafungua lalamiko: hiyo ni 12,000 au 10,002? Ana haki. Sokoni mzigo uko mbele ya macho, hakuna anayekosea. Kwenye hundi hakuna cha kutazama. Nikageuza iwe "kumi na mbili elfu", nikatoa toleo jipya, nikalala nikijiona fundi. Asubuhi nakuta malalamiko tisa: kumbe kuna mifumo inayolinganisha yale maneno herufi kwa herufi, na sasa risiti zimegoma. Nikarudisha ya zamani, hii mpya nikaifanya hiari ya mtumiaji. Basi wakaja wa laki. Mmoja anataka 100,000 iwe "laki moja", mwingine "elfu mia moja", kila mmoja anaapa chake ndicho sanifu. Maoni arobaini na kitu, mstari wa msimbo hata mmoja hakuna!

Kwa hiyo usibadilishe tabia ya programu kimyakimya. Kama ni lazima, pandisha namba ya kwanza ya toleo, 1 iwe 2, watu wajue.

Kuna kampuni moja ya mikopo iliniandikia saa tano usiku ikitaka rekebisho "kabla ya kufungua ofisi". Hawajawahi kunitumia hata vocha. Nikakesha, nikarekebisha, kazini nikachelewa. Wiki iliyofuata wakarudi na orodha ndefu zaidi, bila hata asante. Siku hizi ukurasa wa kwanza unasema najibu Jumamosi, basi.

Lakini kilichonitisha hasa ni xz, 2024. Ile ni programu ya kubana mafaili, imo karibu kila mfumo wa kompyuta wa Linux, na kwa miaka mingi aliyeibeba ni mtu mmoja, Lasse Collin, kwa kujitolea. Akaja anayejiita Jia Tan, akaleta marekebisho mazuri kwa zaidi ya miaka miwili, huku akaunti nyingine zikimsukuma Collin aongeze mtunzaji. Akapewa nafasi. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri ndani, wa kumwingiza mtu kwenye kompyuta za wengine. Aliyeugundua, Andres Freund, alishangaa tu kwa nini kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali, kunachelewa kama nusu sekunde.

Wakati habari ile inatoka, nami nilikuwa na kijana anayenisaidia mtandaoni. Simjui sura. Alishaniletea marekebisho matatu safi, akaomba ruhusa ya kutoa matoleo, na kwa jinsi nilivyochoka nilishaandika barua ya kumkubalia. Sikuituma. Nilimpa ruhusa ya kupitia kazi za wengine tu.

Hadi leo anajibu watumiaji kuliko mimi, kwa adabu. Funguo za kutoa matoleo bado ninazo mwenyewe, na kila nikiona jina lake naona haya kidogo.