Watu 203, majibu matatu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tumepewa jedwali la watu 2,201 waliokuwa ndani ya Titanic. Daraja la kwanza 325, wakapona 203. La pili 285, wakapona 118. La tatu 706, wakapona 178. Wafanyakazi wa meli 885, wakapona 212. Jumla ya waliopona ni 711. Kutafuta uwezekano, mimi nimegawa 203 kwa 2,201, rafiki yangu kwa 325, mwingine kwa 711. Nani amepata? Na tutajuaje kama kupona kulitegemea daraja?
Msomaji wa kidato cha sita, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wote mmegawa sawasawa, ila kila mmoja amejibu swali lake. Chukua rula, funika mistari yote ubakishe ule wa daraja la kwanza. Unaowaona sasa ni 325, basi. Ukiulizwa abiria wa daraja la kwanza ana uwezekano gani wa kupona, ni 203/325, yaani 0.62. Ukiulizwa aliyepona ana uwezekano gani wa kuwa wa daraja la kwanza, funika waliokufa. Wanabaki 711, jibu 0.29. Wewe umemtafuta mtu yeyote melini aliye wa daraja la kwanza na aliyepona pia: 0.09. Nakusihi, kabla ya kushika kikokotoo andika pembeni: "miongoni mwa nani?" Nimesahihisha madaftari mengi, na alama hupotea hapo hapo.

Sasa kutegemeana. Meli nzima walipona 711/2,201, yaani 0.32. Daraja lingekuwa halina lake, kila mstari ungekaribia 0.32. La kwanza ni 0.62, la tatu 0.25. Au zidisha 325 kwa 711, gawa kwa 2,201: unapata 105, ndio ambao wangetarajiwa kupona. Walipona 203. Wakizidi wawili watatu nitasema bahati. Wakizidi 98, siwezi.

Lakini usifunge daftari. Kwenye boti walitangulizwa wanawake na watoto, na daraja la kwanza lilikuwa na wanawake wengi zaidi kwa uwiano: 145 kati ya 325, la tatu 196 kati ya 706. Je, si jinsia tu? Funika wanaume uone. Wanawake na wasichana wa daraja la kwanza walipona 141 kati ya 145. Wa daraja la tatu, 90 kati ya 196. Kila nikifundisha jedwali hili husimama hapa: usiku ule wa Aprili 1912 walikufa wanne wa huku, na 106 wa kule.