Magugu maji yanayonuka

SWALI: Kikundi chetu hutembeza wageni kwa mashua Dunga, Kisumu. Magugu maji tunayotoa ufuoni hatupati mboji. Yanaoza na kunuka. Tunakosea wapi?

JIBU: Mnayarundika mabichi. Zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, hivyo rundo hushikana na kukosa hewa. Yakateni vipande vifupi, yaanikeni hadi yanyauke, kisha changanyeni madebe matatu kwa moja la samadi kavu. Rundo lifike kiunoni, mligeuze kila wiki. Chomekeni kijiti katikati. Kikitoka bila joto kali, mbegu hazijafa, na mvua itazirudisha ziwani. Yaliyotolewa karibu na majitaka yafae miti na maua, si sukuma wiki. Mafunjo, tafadhali, msiyafyeke: ndege wanaowavuta wageni hujenga humo.