Magego mawili yametoka, niweke nini?

SWALI: Dokta shikamoo, niko Mikindani, nimeng'olewa magego mawili ya chini yanayofuatana, korosho natafunia upande mmoja tu. Niweke nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Meno bandia ya kuvaa na kuvua ndo nafuu zaidi, ila usiku unayavua unayaloweka kwenye maji, na korosho zitakusumbua mwanzoni. Daraja, yaani meno bandia yasiyovuliwa, linashikizwa kwenye meno ya jirani, sasa hayo lazima yachongwe, kama ni mazima mi roho inaniuma kweli. Skrubu ya chuma cha titani inaingia ndani ya taya, mfupa uishike miezi 3 hadi 6 hivi ndo jino bandia likae juu, bei yake mh! Una sukari? Mwambie daktari mapema. Nenda hospitali ya Ligula wakucheki, usikae na pengo miaka, meno ya jirani yanalalia hapo.