Kozi wa Morisi: acha kutazama juu

Msomaji mmoja ameniandikia kwa masikitiko: alishinda kutwa juu ya korongo la Black River Gorges, magharibi mwa kisiwa cha Morisi, akimtafuta kozi, yule ndege mwindaji, shingo imemkauka kwa kutazama mbingu, akaambulia ndege weupe wenye mikia mirefu. Hao ni ndege wa bahari. Nao hupita magengeni humo.

Kinachotuponza ni mazoea ya kozi wa uwandani, anayesimama hewani akipigapiga mabawa kabla ya kushuka. Wa Morisi ni ndege wa msituni. Mabawa yake ni mafupi ya mviringo kama ya kipanga, ndiyo maana hupenya kati ya matawi bila kupunguza mwendo. Chakula chake kikuu ni mijusi wa kijani wanaoota jua kwenye magome, ingawa kerengende, mende na ndege wadogo hawaachi. Basi kagua matawi yaliyo wazi kandokando ya njia. Hapo hutulia muda mrefu, na wangapi hupita chini yake wakibonyeza simu!

Mgongo ni wa hudhurungi wenye michirizi myeusi. Kifua cheupe, madoa meusi ya duara. Dume na jike wamefanana rangi, ila jike ni mkubwa, na huyo mkubwa mwenyewe ni kama gramu 230. Ngozi ya usoni ikiwa ya buluu-kijivu badala ya njano, huyo bado mchanga. Ajabu ni kwamba watu walimuua wakidai anamaliza kuku.

Nenda kati ya Septemba na Desemba. Kaa kivulini, mbali, ukielekea genge lenye mashimo, ndimo hutagia. Darubini ya mara 8 inatosha. Dume huja na mjusi, hulia, jike hutoka kupokea. Jike akibaki nje akipiga kelele, umesogea mno: rudi nyuma, mayai yanapoa. Kumwita kwa sauti iliyorekodiwa ni ukatili. Makombo ya chakula ondoka nayo, yanavuta panya na kima, na kima hula mayai.

Mwaka 1974 walijulikana 4 tu porini, baada ya misitu kufyekwa na DDT, sumu ya wadudu, kupuliziwa mbu wa malaria. Wataalamu, akiwemo mwanabiolojia Carl Jones, walichukua mayai ili jike atage tena, wakalea makinda, wakaachia mamia. Hata hivyo mwaka 2014 amerudishwa kwenye orodha ya walio hatarini.

Magharibi ukimkosa, jaribu Bonde la Ferney, mashariki. Chukua mwongozaji.