Mwalimu, usiutoe mkono bila kuniambia

Mmeuliza wiki hii ni kitu gani mtu alikiogopa tangu utotoni akaja kukishinda ukubwani, na alifanyaje. Mi ni maji. Chekeni tu, nimezaliwa Kirumba hapa Mwanza, nauza dagaa, meli ya Nansio kule Ukerewe naipanda kila mara, lakini maji yakifika magotini moyo unaenda mbio. Na sio mimi tu, nendeni soko la samaki la Mwaloni muulize, wapo wavuvi wanalala ziwani na kuogelea hawajui.

Hofu yenyewe haikuja bure. Sisi tuliokua wadogo MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996, tulisikia vilio mtaa mzima, makaburi yapo Igoma mpaka leo, na nyumbani kwetu kuanzia hapo kwenda ziwani ikawa kesi. Af 2018 MV Nyerere pale kisiwa cha Ukara, watu 228 walikufa, na kivuko kilikua kimebakiza kidogo tu kifike Bwisya.

Sasa kuna watu wanakwambia mtu mzima msukume kwenye kina atajua mwenyewe. Ujinga mtupu, ukimsukuma ataogopa maji na wewe atakuogopa. Mi nilimpata kijana anafundisha kwenye bwawa la hoteli, na mwanzoni wala hatukuogelea, nasimama maji ya kifuani, nashika ukingo, nazamisha uso natoa pumzi mpaka mapovu yatoke, narudia, basi, maana kumbe waoga wote tunabana pumzi, af ukiinua kichwa unataka kutoa hewa na kuvuta kwa mkupuo ndo unapaliwa unaona unakufa.

Kulala chali ndo kulinitesa jamani. Nimekakamaa ka kayabo, yule samaki mkavu wa chumvi! Ukiinua kichwa uione miguu, miguu inazama, ila ukikubali masikio yaingie majini, ukaangalia juu na kifua kina hewa, mwili unapanda wenyewe. Mwalimu ameweka kiganja mgongoni, "mama legeza shingo, nipo," nikamwambia sawa ila mkono usiutoe bila kuniambia. Na kweli, kila mara anasema "natoa sasa" ndo anatoa, hajanidanganya hata siku moja. Kwangu hilo lilikua kubwa kuliko mbinu zote, hayo mambo ya kupiga mikono na miguu yalikuja baadae na wala hayakua magumu hivo.

Mbona sio ziwani wakati ni bure? Kichocho, ndugu zangu. Wale konokono wanaoleta huo ugonjwa wanakaa kwenye majani ya pembeni, palepale mtu anayejifunza anaposimama, na chini huoni unakanyaga nini. Kama ushazoea kuoga ziwani nenda kapime, dawa ipo.

Wamama mnaowaza nguo, mi navaa taiti na tisheti ya kubana, dera liache nyumbani linavuta chini. Ulizia kwanza maana kila hoteli ina utaratibu wake.

Kwenye meli laifu jaketi bado naulizia, sababu chombo kikipinduka na wewe uko ndani kuogelea kwako kunasaidia nini? Wanasema huyu mama ana wasiwasi, sawa tu, nileteeni.

Bei zinatofautiana, muelewane na mwalimu mwenyewe. Nendeni asubuhi siku za kazi, bwawa linakua halina watu, wikiendi ni watoto na muziki tu.